Ruzuku ya mbolea haitumwi kwenye simu
Huku Misungwi na Magu, mkoani Mwanza, wengi wanaamini ruzuku ya mbolea ni hela ambayo serikali humtumia mkulima kwa simu, na isipofika, basi mtendaji wa kijiji kaila. Dhana hiyo inaeleweka; ukisikia ruzuku, unawaza pesa mkononi. Lakini katika mpango ulioanza msimu wa 2022/2023, ruzuku imo ndani ya bei: serikali hubeba sehemu ya gharama, wewe unalipa iliyobaki dukani.

Kwa hiyo kagua palepale kaunta. Taja namba yako ya usajili, ile uliyopewa ulipojiandikisha kwa ruzuku, linganisha bei unayodaiwa na bei elekezi, yaani bei iliyotangazwa na serikali, ya wilaya yako, tazama mshono wa mfuko kama haujaguswa, dai risiti. Ukitajiwa zaidi, usilipe kwanza. Muulize ofisa ugani wa kata.