Kidonge kimevunjika, je, dawa imeyeyuka?

Kipimo cha kuvunjika hakina ugumu. Vidonge 6 huingia kwenye mirija 6 yenye wavu chini, kikapu kinapanda na kushuka mara 29 hadi 32 kwa dakika ndani ya maji ya nyuzi 37. Kidonge kisicho na ganda kikisambaratika ndani ya dakika 15, Farmakopia ya Uingereza, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, imeridhika. Kipimo hiki kinasaidia sana kunasa vidonge vilivyobanwa kupita kiasi. Ila punje zikishapita tundu za wavu, milimita 2 hivi, kazi yake imeisha, na dawa huenda bado imefungwa ndani ya punje hizo.

Kuyeyuka hupimwa kivyake. Kwa parasetamoli ya kawaida, Farmakopia ya Marekani inataka mililita 900 za bafa ya fosfeti (kimiminika kinachoshikilia kiwango cha asidi) ya pH 5.8, kasia la kukorogea lizunguke mara 50 kwa dakika, joto nyuzi 37, lisipande wala kushuka zaidi ya nusu nyuzi. Dakika 30 zikitimia, kiwango cha msingi ni asilimia 80 ya dawa iwe imeyeyuka. Lakini katika raundi ya kwanza ya vidonge 6, kila kimoja kifikishe 85.

Mchawi wa kwanza wa kuharibu matokeo ni hewa. Bafa isiyotolewa hewa huachia viputo vinavyong'ang'ania kidonge, vikakiziba au kukiinua. Ipashe hadi nyuzi 41, ichuje kwa pampu ya ombwe kupitia filta ya mikromita 0.45, kisha endelea kuvuta hewa huku ukikoroga kwa dakika 5. Itumie papo hapo. Ikikaa, hewa inarudi.

Wa pili ni kichuguu cha punje chini ya kasia, mahali ambapo maji hayazunguki vizuri. Kasia liwe milimita 25 kutoka sakafu ya chombo, tofauti isizidi 2, na upime kwa geji, si kwa jicho. Kichuguu kikiwa kwenye chombo kimoja tu, kagua mhimili wa kasia kama umeinama. Kikiwa kwenye vyote sita, tatizo ni kidonge au mbinu. Kupandisha kasi hadi 75 kimyakimya ni kudanganya.

Sampuli ivutwe katikati ya uso wa maji na ncha ya juu ya kasia, angalau sentimita 1 kutoka ukutani. Muda una uhuru wa asilimia 2, yaani sekunde 36 kwa zile dakika 30, kwa hiyo anayevuta kwa mkono adondoshe vidonge kwa kupishana dakika moja moja. Chuja palepale, maana punje huendelea kuyeyuka ndani ya sirinji. Mililita chache za kwanza zimwage: filta nyingine hunyonya dawa. Zinazofuata zizimue mara 100 hivi, kisha pima zinavyofyonza mwanga wa nanomita 243.