Tunayokosea Vijiweni Kuhusu Matokeo na Usajili wa MotoGP

Jumapili saa tisa alasiri, jua likichoma mabati ya Buzuruga, Mwanza, simu moja yenye kioo kilichopasuka huegemezwa juu ya tangi la Boxer na vichwa sita huiinamia. Ni MotoGP, mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia. Hawa ni watu wanaoshinda juu ya pikipiki tangu alfajiri, na wanaupenda mchezo huu kwa dhati. Ndiyo maana huniuma kusikia makosa yaleyale yakirudiwa kila msimu kana kwamba ni ukweli.

Linaloongoza kwa kuzua ubishi ni hili: aliyeshinda mbio nyingi ndiye bingwa. Mwaka 2024 Francesco Bagnaia wa Ducati, kampuni ya pikipiki ya Italia, alishinda mbio 11 za Jumapili kati ya 20. Jorge Martín alishinda 3. Ubingwa ukaenda kwa Martín, pointi 508 kwa 498. Kijana mmoja akaniambia, "Kaka, hapo Bagnaia kadhulumiwa." Tukatafuta kalamu, tukapiga hesabu kwenye kipande cha boksi. Mshindi wa Jumapili hupata pointi 25, wa pili 20, wa tatu 16, zinashuka hivyo hadi wa 15 anayepata 1. Tangu 2023 kuna pia mbio fupi za Jumamosi, nusu ya umbali, ambazo mshindi hupata 12. Sasa angalia pengo kati ya wa kwanza na wa pili: pointi 5 tu. Ukianguka leo ukakosa pointi na mpinzani wako akamaliza wa pili, umeachwa kwa 20, na ili uzirudishe inabidi ushinde mara 4 huku yeye akiwa wa pili nyuma yako. Bagnaia alianguka mara nyingi mno mwaka ule, na Martín alimaliza wa pili mara 10. Anayepeleka hesabu kamili kwa tajiri kila jioni humpita yule wa leo elfu hamsini, kesho mikono mitupu. Kijana akalielewa hilo haraka kuliko hesabu zangu za kalamu.

Na si mara ya kwanza. Joan Mir alitwaa ubingwa wa 2020 kwa ushindi wa mbio 1 tu, na mwaka 1999 Emilio Alzamora alikuwa bingwa wa dunia wa daraja dogo la 125cc bila kushinda hata moja.

Halafu kuna usajili. Tunauchukulia kama wa Simba na Yanga: dirisha linafunguliwa, klabu inanunua mtu, mchezaji akishasaini kwingine moyo wake umeondoka. Huku mambo ni tofauti. Kwa kawaida dereva hungoja mkataba wake uishe ndipo ahame, lakini makubaliano ya msimu ujao husainiwa mapema sana, mbio zikiwa katikati. Juni 2024 Ducati walimchagua Marc Márquez kwa timu ya kiwanda, yaani timu ya kampuni yenyewe, na Martín, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza msimamo, akasaini Aprilia, kampuni nyingine ya pikipiki. Wengi walisema ataendesha kwa mkono mmoja. Akaendelea hadi akawa bingwa, tena akiwa na Pramac, timu iliyokuwa ikipewa pikipiki na Ducati, si timu ya kiwanda yenyewe. Namba 1, ya bingwa, akaenda nayo Aprilia mwaka 2025, akaumia siku ya kwanza ya majaribio Sepang, Malaysia, kisha akavunjika mbavu Qatar. Msimu mzima hakushinda mbio.

"Pikipiki ndiyo kila kitu." Hapa nitakaa kidogo, maana upande mmoja ni kweli. Mwaka huohuo wa 2024 Ducati ilishinda mbio 19 kati ya 20. Lakini Ducati zilikuwa 8 uwanjani, na 4 kati yake zilikuwa za mwaka uliotangulia. Kati ya madereva hao 4 wa pikipiki za zamani, Márquez pekee ndiye aliyeshinda mbio za Jumapili, tena 3.

Valentino Rossi ndiye anayenifanya niikatae kabisa kauli hiyo. Aliiacha Honda iliyokuwa ikishinda, akaenda Yamaha ambayo mwaka 2003 haikuwa imeshinda hata mara moja, akamchukua na fundi wake mkuu Jeremy Burgess. Mbio za kwanza, Aprili 2004, zilikuwa hapa hapa Afrika, Welkom, Afrika Kusini. Akashinda, na mwisho wa mwaka akawa bingwa. Mwaka 2011 akahamia Ducati na Burgess yuleyule, wakakaa misimu 2 bila ushindi wowote.

Kinachoamua ni namna mwili unavyokutana na chombo. Ukiazimwa pikipiki ya mwenzio uiteremshe Bugando na abiria nyuma, kona ya kwanza hujui breki ya mbele inashika wapi, unapunguza. Jorge Lorenzo alimaliza 2017 yote na Ducati bila kushinda. Mwaka 2018, Mugello, Italia, wakambadilishia umbo la tangi apate pa kujiegemeza anapofunga breki. Akashinda palepale, na mara 2 nyingine mwaka huo.

La mwisho, kwamba aliyevuka mstari mbele keshamaliza kazi. Qatar 2025 Maverick Viñales alivuka wa pili, akaongezewa sekunde 16 na kushushwa hadi wa 14. Kosa: upepo wa tairi la mbele chini ya kipimo cha bar 1.8 kwa muda unaozidi ulioruhusiwa. Mafundi huujaza kwa kukadiria. Ukifuata wenzio kwa karibu tairi huchemka na upepo hupanda. Ukitangulia peke yako linapoa na upepo hushuka.

Mzee wa pancha, ambaye kwa kawaida hashiriki ubishi wetu, aliweka pampu chini.

"Sasa huo upepo wanaupima saa ngapi, na mtu yuko mbioni?"

Nikamweleza kwamba kuna kifaa ndani ya rimu kinachotuma vipimo muda wote. Akaomba simu isogezwe karibu, alione tairi la mbele.