Kushoto kwa nani? Maneno ya mahali ndani ya ubongo

Dhana: Kushoto kwenye picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha kichwa vipande vipande) ni kushoto kwako unayetazama.

Hapana, ni kwa mwenye kichwa. Picha huonyeshwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali, kwa hiyo kulia kwake kuko kushoto kwako. Ndugu wa mwendesha boda aliyeanguka huinua filamu dirishani, akaona doa jeupe la damu kushoto, akampigia mjomba kijijini: "Ni kushoto." Kumbe ni kulia. Tafuta kwanza herufi R (kulia kwa mgonjwa) au L (kushoto kwake) pembezoni mwa picha.

Dhana: Damu ikiwa kulia, utakaolegea ni mkono wa kulia.

Kwa ubongo mkubwa ni wa kushoto, maana nyuzi nyingi za kuendesha viungo huvuka upande wa pili kwenye sehemu ya chini ya shina la ubongo, linalounganisha ubongo na uti wa mgongo. Ubongo mdogo, ule wa kisogoni, ni mkaidi: ukiumia kulia, mkono wa kulia ndio unaoyumba.

Dhana: "Dorsali" maana yake nyuma, basi.

Hapa wanafunzi wa uuguzi hukwama, wala siwalaumu. Dorsali ni upande wa mgongo, na maneno haya humfaa zaidi mnyama wa miguu minne. Mtazame mbuzi amesimama sokoni: pua, ubongo na uti wa mgongo vimekaa karibu mstari mmoja. Kwake mgongoni ni juu, toka mkiani hadi kwenye fuvu. Sisi tunasimama wima huku macho yakitazama mbele, na mstari ule umepinda karibu digrii 90 kwenye ubongo wa kati. Ndani ya uti wa mgongo, dorsali ni nyuma. Ukifika ubongo mkubwa, dorsali ni utosini. Rostrali nayo, kutoka neno la Kilatini la mdomo wa ndege, kwenye shina la ubongo huelekea juu, kisha kwenye ubongo mkubwa ikageukia paji la uso.

Dhana: Ventrikali ya tatu ni ya tatu kutoka juu.

Ventrikali ni vyumba vya maji ndani ya ubongo. Mbili za kwanza ziko ubavuni, kulia na kushoto. Ya tatu ni ufa mwembamba katikati. Katika hospitali ya watoto ya CURE, Mbale, Uganda, watoto wenye kichwa maji hutobolewa tundu kwenye sakafu ya ufa huo kwa msaada wa kamera nyembamba, ili maji yapate njia. Chini tu ya sakafu hiyo unapita mshipa mkubwa wa damu, kwa hiyo "mbele kidogo" ya daktari ni ya milimita.