Mkia wa neno la Kiingereza na kazi yake

Mtu anayeomba kazi ya jikoni katika hoteli ya Nyali au Bamburi, Mombasa, akiandika "I am a good cooker", amejitangaza kuwa yeye ni jiko zuri la gesi. Kosa hilo lina mantiki yake. "Teach" huzaa "teacher", "drive" huzaa "driver", basi "cook" nayo ingefaa kuzaa "cooker". Ila mpishi huitwa "cook" tu, sawasawa na kitenzi chenyewe, na "cooker" likapewa jiko.

Kipande hicho cha "-er" ni kiambishi tamati: sehemu inayobandikwa mwishoni mwa neno. Viko vya aina mbili. Kuna vinavyoongeza habari na kuliacha neno katika aina yake: "walk" ikiwa "walked" bado ni kitenzi, na "boat" ikiwa "boats" bado ni nomino. Kisha kuna vinavyolihamisha neno, kitenzi kikawa nomino, nomino ikawa kivumishi, kivumishi kikawa kielezi. Hivi vya pili ndivyo vinavyosumbua, kwa sababu sisi tumezoea kutazama kichwa cha neno. Mpishi, upishi, mapishi: ukishasikia m-, u- au ma- umeshajua njia. Katika Kiingereza jicho liende mkiani.

Hata hivyo Kiswahili nacho kina mikia, na kufananisha husaidia kuliko kukariri orodha. Ajiri, mwajiri, mwajiriwa. "Employ", "employer", "employee". Hapo "-ee" inafanya kazi ya -wa yetu, yaani mtendewa. Safi hutoa safisha, fupi hutoa fupisha, na ndivyo "short" inavyotoa "shorten" na "modern" ikatoa "modernise". Maji ya kisima yanayonyweka ni "drinkable", yale ya chumvi kali ni "undrinkable". "-Able" ni ndugu wa -ka ya someka na lika. Nayo "-ness" hufanya kazi ya u- ya kwetu: "kind" ni -ema, "kindness" ni wema. Ulinganifu huu haufiki kila mahali. "Attendee" ni mtu anayehudhuria, wala hahudhuriwi na yeyote.

Bandarini Kilindini "-er" ilishaingia katika Kiswahili bila watu kuigutukia. Kontena limetoka katika kitenzi "contain", treila katika "trail". Ongeza dereva, meneja, printa na kompyuta: ile -a ya mwisho ndiyo "-er" iliyovaa kanzu. Mahali hapohapo karatasi za mzigo zimejaa viambishi vingine. "Ship" ikiongezwa "-ment" inakuwa "shipment", yaani shehena. "Clear" ikiongezwa "-ance" inakuwa "clearance", yaani kule kuutoa mzigo forodhani. Na "-age" ndiyo ya kuogopwa, maana mara nyingi inafuatwa na bili: "storage" ni ada ya kuhifadhi mzigo, "wharfage" ni ya kupitisha shehena gatini, "demurrage" ni ya kuchelewesha meli au kontena.

Kiambishi kimoja chaweza kuwa na kazi mbili. "Cleaner" ni mfanya usafi, na pia ni "safi zaidi". Kinachoamua ni neno la jirani. Katika "the cleaner came" limetanguliwa na "the" na linafuatwa na kitenzi, kwa hiyo ni nomino. Katika "this room is cleaner than that one" kuna "than" ya kulinganisha, kwa hiyo ni kivumishi.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye "-ly". Watoto hufundishwa kwamba ukiona "-ly" umeona kielezi: "slow" ni kivumishi, "slowly" ni polepole. Kweli, mara nyingi. Lakini "friendly", "lovely" na "lonely" ni vivumishi, kwa sababu "-ly" yake imebandikwa kwenye nomino "friend" na "love", na kwenye "lone" iliyo kivumishi tayari. Kwa hiyo huwezi kusema "he spoke friendly". Sema "in a friendly way". Balaa lenyewe ni "hardly". Anayeandika kuhusu mfanyakazi wake "he works hardly" amemaanisha anajituma, ila msomaji anaelewa kwamba karibu hafanyi kazi kabisa. Kielezi cha "hard" ni "hard" hiyohiyo. "Fast" pia haibadiliki, na "fastly" haitumiki.

"-ful" na "-less" huonekana kama mapacha: "useful" inafaa, "useless" haifai. Usiwaamini sana. "Shameful" ni jambo la aibu na "shameless" ni mtu asiye na haya, yote mawili ni lawama. "Priceless" nayo haimaanishi kitu cha bure. Ni kitu ambacho thamani yake haikadiriki. Angalia pia kwamba "full" ina l mbili lakini kiambishi kina moja, hata katika "beautiful".

Katika barua za kazi kosa la kawaida ni "I am interesting in this job". "-ing" huelekezwa kwa kinachosababisha hisia, "-ed" kwa anayeipata. Kazi ndiyo "interesting", wewe ni "interested". Vivyo hivyo, "I am boring" ni kujikiri kwamba unachosha watu.

Kwa tahajia, mabadiliko mengi yako pale shina linapokutana na mkia. Y iliyotanguliwa na konsonanti hugeuka i: "happy", "happiness". E ya mwisho huanguka mbele ya irabu: "use", "usable". Lakini baada ya c na g hubaki mbele ya "-able", ili sauti isiharibike: "noticeable", "manageable". "Argue" hupoteza e yake hata mbele ya konsonanti ikawa "argument", na hili lazima likaririwe tu.

Matamshi yana shida yake. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiongeza kiambishi mkazo husogea kwa utaratibu unaotabirika. Kiingereza kina viambishi visivyogusa mkazo, kama "-er", "-ness" na "-ful": "háppy", "háppiness". Vingine huuvuta hadi silabi iliyo kabla yao: "-ic", "-ity", "-tion". Kwa hiyo "áctive" ina mkazo mwanzoni na "actívity" katikati, "infórm" inakuwa "informátion". Mpiga picha wa Fort Jesus ana kazi zaidi: picha ni "phótograph", kivumishi chake ni "photográphic", na yeye mwenyewe ni "photógrapher", ingawa anaishia na "-er" inayosemekana haigusi kitu. Hapo kinachovuta ni "-graphy" ya "photógraphy", ambayo huutupa mkazo kwenye silabi iliyo kabla yake, na jina la mtu likafuata jina la kazi.