Rimu za IST: omba picha ya mgongo kabla ya kutuma pesa

Hapa Kigoma rimu za spoti za IST, Vitz na Passo mara nyingi hununuliwa kwa simu. Muuzaji yuko Dar es Salaam au Mwanza, anatuma picha ya uso wa rimu kwa WhatsApp, mnunuzi anapenda mng'ao, pesa inatumwa, mzigo unapanda basi. Lakini uso hauwezi kukwambia kama rimu itakaa kwenye gari lako. Namba ziko mgongoni, upande unaotazama breki. Omba picha ya huko, iwe ya karibu na isomeke. Muuzaji akisita, achana naye, maana nauli ya kurudisha rimu nne utailipa wewe.

Mgongoni utakuta maandishi kama 15x6JJ 45. Hiyo 15 ni kipenyo kwa inchi, 6 ni upana kwa inchi, JJ ni umbo la ukingo wa rimu, na 45 ni ofseti kwa milimita, ambayo nitaieleza chini. Huenda pia kukawa na 4x100, yaani nati nne kwenye duara la milimita 100. Ukiona JWL, rimu imetengenezwa kwa kufuata kiwango cha Japani cha rimu za aloi.

Tuanze na matundu ya nati. Vitz, Passo, IST ya kwanza (2002 hadi 2007), Mazda Demio, Honda Fit na Nissan March zote ni 4x100. IST ya pili, iliyoanza 2007, ni 5x100, na hapo ndipo watu wengi hukosea kwa sababu jina ni lilelile. Rimu ya matundu manne pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalotazamana nalo. Ya matano pima matundu mawili yaliyo jirani: 5x100 itasoma karibu milimita 58.8, na 5x114.3 karibu 67.2. Rimu yenye matundu manane kwa kawaida ni ya 4x100 na 4x114.3 kwa pamoja, kwa hiyo fundi ahakikishe anafunga duara sahihi. Usikubali 4x98 eti "zinaingia kwa nguvu". Zitaingia, lakini bolti zitakuwa zimepinda kidogo, na bolti iliyopindishwa hukatika.

Tundu la katikati nalo lina kazi yake. Habu, yaani kitovu cha gari ambacho rimu hukalia, kwa Vitz na IST ni milimita 54.1. Rimu za spoti za kununua pembeni huja na tundu kubwa, mara nyingi 67.1 au 73.1, ili zifae magari mengi. Zikifungwa hivyohivyo, zinaning'inia kwenye nati badala ya kukaa kwenye habu. Zikikaa pembeni kidogo tu, usukani unatetemeka ukifika spidi 80 hadi 100 hata kama balansi imefanywa vizuri. Dawa ni pete za kujazia zenye vipimo viwili, mfano 73.1 nje na 54.1 ndani. Ni kitu cha bei ndogo, ziagize pamoja na rimu.

Sasa ofseti, ambayo naona ndiyo inayoharibu magari mengi kuliko yote. Ni umbali kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi pale rimu inapogusa habu. Namba ikishuka, tairi linatoka nje kuelekea madigadi. Ikipanda, linaingia ndani kuelekea shokapu. Upana nao unahesabika. Ukitoka 6 inchi ofseti 45 kwenda 7 inchi ofseti 35, ukingo wa nje unatoka milimita 22.7: nusu ya inchi iliyoongezeka ni 12.7, ongeza 10 za ofseti. Gari likiwa tupu hutaona tatizo. Pakia watu wanne na magunia, shuka kutoka Mwanga kwenda stesheni, tairi la nyuma litaanza kula madigadi, na beringi za habu zitabeba mzigo ambao hazikupangiwa. Soma namba ya rimu yako ya zamani na usiachane nayo kwa zaidi ya milimita 5.

Namba zikiwa zimefutika, laza rimu uso chini, weka rula ndefu juu ya kingo zake, pima kutoka rula hadi sehemu inayogusa habu. Toa nusu ya upana wote wa nje. Rimu ya inchi 6 ina upana wa nje wa karibu milimita 178, nusu yake 89. Ukipima 134, ofseti ni 45.

Tairi lifuate kipenyo cha mwanzo. Namba kama 185/65R15 husomwa hivi: upana milimita 185, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 15; kipenyo cha tairi hilo ni milimita 621 na nusu. 195/55R16 ni karibu 621, safi kabisa. 195/50R16 ni 601, na spidomita ikisoma 100 wewe uko karibu 97. Kuhusu inchi 17 nitasema wazi: kwa barabara zetu za changarawe sizishauri. Ubavu wa 195/45R17 ni milimita 88 badala ya 120, na jiwe moja linatosha kupasua ukingo wa rimu. Angalia pia namba ya uzito iliyoandikwa kwenye tairi baada ya saizi: 88 ni kilo 560 kwa tairi, 81 ni 462 tu.

Rimu za mtumba zikaguliwe ukingo wa ndani, maana nyufa huanzia huko na rangi mpya huzificha. Zizungushwe kwenye mashine ya balansi bila tairi, uone kama zimepinda.

Nati za Toyota, Honda na Mazda ni M12x1.5, yaani bolti ya milimita 12 yenye nyuzi zilizoachana milimita 1.5; za Nissan na Suzuki ni M12x1.25. Rimu nyingi za spoti hutaka nati ya koni. Rimu za aloi za Toyota zenyewe mara nyingi hutaka nati bapa yenye washa, na za Honda hutaka ya mviringo. Nati isiyolingana na kiti chake, yaani sehemu ya rimu inayoikalia, hukaza juu juu kisha hulegea. Nati ya 1.5 izunguke angalau mara 8 kamili kabla ya kukaza. Ikizunguka mara 5, rimu ni nene mno au kuna spesa (bamba lililowekwa kati ya rimu na habu), usiendeshe. Kaza kwa kuruka, nati hii kisha inayotazamana nayo, kwa nyutoni-mita 103 kwa Toyota, urudie baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kabla ya kuvalisha matairi, funga rimu moja mbele na uizungushe kwa mkono: kati yake na kalipa ya breki ibaki angalau milimita 3. Ukishavalisha, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili uone kama tairi linagusa popote. Na kama tairi lako la akiba ni la rimu ya chuma, weka nati nne za koni (tano kama gari ni la matundu matano) kwenye buti, kwa sababu ile bapa ya aloi huenda isilishike.