Kwa nini wazee wa viwanda vya pamba Marekani waliunyamazia mgomo wa 1934?

Wazee waliofanya kazi katika viwanda vya nguo vya Carolina hawakuwa watu wa kubanwa ndipo waseme. Wangekueleza habari za nyuzinyuzi za pamba zilizowaganda kichwani mpaka watu wa mjini wakawapachika majina ya kejeli, na za chumba cha kufumia chenye kelele hata ukalazimika kumsoma mwenzako midomo. Lakini ukigusia Septemba 1934, wengi walibadilisha mada.

Na haukuwa mgomo mdogo. Wafanyakazi wapatao 400,000 waliacha kazi, kuanzia New England kaskazini-mashariki hadi Alabama kusini. Mwaka 1933 serikali ya Rais Roosevelt ilikuwa imeweka kikomo cha saa 40 kwa wiki, na kima cha chini cha mshahara cha dola 12 kwa wiki huko kusini. Wenye viwanda wakatafuta upenyo: mfumaji akaongezewa mashine za kusimamia, na kasi ikapandishwa. Saa zikapungua, kazi ikabaki ileile. Wengine walimwandikia Roosevelt mwenyewe barua za kulalamika.

Tarehe 6 Septemba, nje ya kiwanda cha Chiquola katika mji wa Honea Path, South Carolina, wagomaji walimiminiwa risasi na watu waliokuwa upande wa kiwanda. Saba walikufa, na baadhi yao walipigwa mgongoni wakikimbia. Meya wa mji, Dan Beacham, ndiye aliyekuwa pia msimamizi mkuu wa kiwanda hicho. Sasa ungeshtaki kwa nani?

Mgomo ulivunjika baada ya wiki tatu, na hapo ndipo kimya kilipoanzia. Nyumba ni ya kiwanda, duka ni la kiwanda, hata mchungaji mara nyingi alitegemea fedha za kiwanda. Maelfu walikataliwa kurudi kazini, familia zikatolewa vyombo nje, na majina ya wagomaji yakazungushwa kiwanda hadi kiwanda. Mzazi aliyetaka mwanawe apate ajira alifunga mdomo. Isitoshe, waliopiga risasi na waliopigwa waliendelea kuishi mtaa mmoja, na kwa maoni yangu hilo lilifunga midomo kuliko hata njaa.

Jiwe lenye majina ya wale saba lilisimamishwa Honea Path mwaka 1995. Miongoni mwa waliolipigania ni mwandishi wa habari Frank Beacham, mjukuu wa yule meya, aliyekulia mji uleule bila kuambiwa lolote.