Saa tatu ya mgonjwa

Mama aliyemleta mumewe mwenye kiharusi alisema kilianza "saa tatu asubuhi", na intani wangu, daktari aliye mazoezini, aliyekuwa zamu tangu jana yake, akaandika kwenye faili 03:00. Nilipofika nikasoma 03:00, nikapiga hesabu kichwani: kutoka saa tisa usiku mpaka saa tano na nusu hii, zimepita saa nane na nusu. Nikafunga faili. Dawa ya kuyeyusha donge la damu kwenye ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Siku hiyo dawa ilikuwepo, jambo ambalo kwetu si la kila siku, na picha ya ubongo ya CT ilikuwa imeshaonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja.

Jioni nikapita tena wodini, tukaongea na yule mama. Akanisimulia mumewe alivyotoka kukata majani ya ng'ombe, akaketi anywe chai, kikombe kikamponyoka. Nikashtuka. Majani ya ng'ombe saa tisa usiku? Saa tatu yake ilikuwa ya jua, saa tatu ambayo kila mtu Moshi anaijua, na mimi nikiwemo. Wakati nafunga lile faili, mzee alikuwa na saa mbili na nusu tu tangu aanguke.

Ni miaka kadhaa sasa, na ilikuwa hospitali nyingine. Kosa lilikuwa langu kuliko la intani: yeye alikuwa na usingizi, mimi nilikuwa nimelala vizuri. Lakini ndilo lililonifanya nianze kuandika daftarini kila mahali ambapo maneno ya mgonjwa wa kiharusi yanapotea yakiwa njiani kuelekea kwenye faili. Mimi ni daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, nafundisha wanafunzi wa udaktari, na siku hizi utafiti wangu mwingi unahusu jambo hilo. Tunasomea kiharusi kwa Kiingereza, tunakitibu kwa Kiswahili.

Kabla sijaendelea, niseme kwa nini jambo hili si dogo huku kwetu. Kati ya 2003 na 2006 watafiti waliwafuatilia wakazi wa wilaya ya Hai, hapo jirani, na wa sehemu ya Dar es Salaam, wakihesabu kila kiharusi kipya. Baada ya kusawazisha umri, Hai walipata karibu wagonjwa wapya 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam karibu 316. Matokeo yalichapishwa 2010, na ile namba ya Dar es Salaam ilizidi za nchi nyingi tajiri. Presha isiyotibiwa ni sehemu kubwa ya hadithi hiyo. Kwa hiyo mwanafunzi ninayemfundisha leo, awe hospitali ya Mawenzi au ya Mount Meru au zahanati ya porini, atakutana na kiharusi hata kama anaota kuwa daktari wa watoto.

Na wengi wao wanakiogopa. Mwaka 1994 daktari mmoja wa Marekani, Ralph Jozefowicz, aliipa jina hofu ya wanafunzi kwa somo la ubongo na mishipa ya fahamu, akaiona kama ugonjwa unaoanza wakati wa masomo. Ninaikuta kila mwaka. Raundi ikifika kitanda cha mgonjwa aliyepooza, wanafunzi wanarudi nyuma hatua moja, kila mtu ghafla ana kitu cha kusoma kwenye simu.

Sasa maneno. Mgonjwa anasema, "Mkono umekufa ganzi." Mwanafunzi anatafsiri papo hapo kwamba ngozi haihisi, anachukua pamba na pini, anapima hisia, anakuta ziko sawa, anaandika kwamba hakuna kasoro. Mwambie yule mgonjwa ashike kikombe: hawezi. Ganzi yake ilikuwa udhaifu. Mwingine anasema kizunguzungu, na humo ndani kuna dunia inayozunguka, kuna giza la macho mtu anaposimama, kuna kuyumba kama mlevi, na kila kimoja kinaelekeza mahali pake. Kinachoniuma zaidi ni "amechanganyikiwa". Ndugu wanaleta mama anayesema maneno yasiyo na mpangilio, wanasema amechanganyikiwa, na anaandikiwa malaria au matatizo ya akili, kumbe ameziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo na lugha ndiyo iliyoharibika. Akili yake iko pale pale, inatutazama.

Vipimo vyetu navyo vimekuja na lugha ya kwao. Kile tunachokitumia kupima ukali wa kiharusi, NIHSS, kilichapishwa Marekani 1989 na kinatoa alama kuanzia 0 hadi 42. Kina kadi ya picha ambazo mgonjwa anatakiwa kuzitaja: glavu, ufunguo, kiti, unyoya, mmea wa kaktasi, na bembea ya wavu ya kulalia. Nilimwona bibi mmoja kutoka Machame akitaja ufunguo, kiti na unyoya ("wa kuku," akaongeza), kisha akaitazama ile bembea kwa muda mrefu na kusema ni neti ya samaki. Mwanafunzi akaandika kasoro ya lugha. Mjukuu wake, binti wa kidato cha nne, akachungulia kadi: "Hata mimi sikijui hicho." Baadaye bibi akasema sentensi nzima, na mwanafunzi akaandika kwamba anatoa maneno yasiyoeleweka. Nesi aliyekuwa anapita, naye mtu wa Machame, akacheka. "Anaomba mumfunike miguu, anasikia baridi." Alikuwa anaongea Kimachame safi.

Kwa hiyo tunajaribu kadi yenye jembe, sufuria, mkungu wa ndizi. Bado ni kazi ya mikono, michoro yangu ni mibaya, na kubadilisha picha za kipimo kunahitaji kupimwa upya kwa uangalifu, la sivyo alama zetu hazitalingana na za wengine. Lakini siwezi tena kumkata mtu alama kwa kutojua kitanda cha wavu.

Neno lililonifundisha kuliko yote ni "kula". Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi hamezi vizuri siku za kwanza. Anapaliwa, chakula kinaingia njia ya hewa, anapata nimonia, na nimonia ndiyo inayomaliza wengi ambao kiharusi chenyewe kiliwaacha hai. Tulimwambia binti mmoja kwamba baba yake asile chochote mpaka tumpime. Akasema, "Sawa dokta." Saa moja baadaye nikamkuta ameinamisha chupa ya uji mdomoni mwa mzee, mzee amelala chali, kifua kinakoroma. Nikapandisha sauti, na ninajuta. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Dokta, hajala. Amekunywa."

Ukweli ni kwamba uji hauliwi. Tangu siku hiyo tunasema, "Kisipite kitu mdomoni, hata maji, hata dawa," na tunaonyesha kwa mkono.

Kupima kumeza hakuhitaji mashine. Mgonjwa awe macho, akalishwe wima, apewe kijiko kimoja cha maji, umsikilize: anakohoa? Sauti imekuwa ya majimaji? Huko Australia, utafiti uliochapishwa 2011 ulihusisha vitengo 19 vya kiharusi, na katika baadhi yake manesi walisimamia homa, sukari na kumeza kwa utaratibu. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa 42% upande huo, dhidi ya 58% kwingine. Wanafunzi wangu wanapenda kuniuliza habari za kuvuta donge kwa waya, na mimi pia ninaipenda, ila kijiko kipo leo.

Darasani nimebadilisha kitu kimoja tu. Mwanafunzi anaandika kwanza maneno ya mgonjwa kama yalivyotamkwa, kwa Kiswahili, ndipo anatafsiri chini yake. Saa haiandikwi peke yake. Inaandikwa na jambo lililokuwa likitendeka. Baadhi ya wenzangu wanaona ni kuchelewesha kazi, na mmoja aliniambia faili si barua ya nyumbani. Labda. Inachukua dakika mbili.

Wiki iliyopita nikafungua faili la mama aliyeletwa na bajaji. Mwanafunzi wa mwaka wa nne alikuwa ameandika: "Saa moja na nusu, watoto wametoka kwenda shule, anafagia uwanja." Chini yake, 07:30. Nilipoinua kichwa kuuliza ni nani aliyeandika, mama hakuwepo kitandani. Walikuwa wameshamsukuma kwenda CT.